Jicho Moja la Chirimaya

Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini Chirimaya Duwal kwa jicho lake moja aliona kuliko sisi wote wa ua wetu tuliojaliwa mawili. Ukimaliza kuchagua mchele ukajisifu kwamba ni safi, alipita, akainama juu ya ungo wako, akachomoa kijiwe kwa ncha ya ukucha. "Hiki umemwekea mama mkwe wako?" alikuuliza mbele za watu. Jicho la kushoto lilikwenda na ndui alipokuwa bado wa kubebwa mgongoni, likabaki jeupe kama yai lililomenywa. Hakulificha wala hakulisikitikia. Alisema Mungu alimwachia lile la kazi.

Mlango wangu na wake imekaribiana tangu nilipoletwa mji huu wa Bhaktapur bibi harusi, kwa hiyo nayajua ya nyumba ile, hata yale ambayo wenyewe wangependa nisiyajue. Mumewe ni Bekhalal, mrefu, mpole, mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Mtoto wao mmoja aliyesalia ni Rasmila, aliyeolewa Thimi, mji wa jirani, kwa wafinyanzi. Rasmila alikaa ndoani miaka mingi bila mtoto. Walimpeleka kwa madaktari, wakampeleka kwa miungu, wakarudi kwa madaktari, na watu wa Thimi wakaanza kusema yale wanayosema watu. Halafu mwaka ule mimba ikashika, ikakaa.

Toka hapo Chirimaya hakuwa na habari nyingine. Alituchosha, nasema kweli. Ukimwuliza bei ya vitunguu anakujibu miezi ya mimba.

"Maisha yangu yote nimeona vijiwe katika mchele wa watu," aliniambia siku moja tukiota jua. "Sasa nataka niuone uso wa huyo mtoto. Nikishauona, hili jicho nalo likitaka kupumzika, lipumzike."

"Dada, tema mate chini," nikamwambia. Alicheka, hakutema.

Kwetu mtoto akizaliwa, watu wa kwao mama huenda kumwona, na hawaendi mikono mitupu. Hubeba samli, tangawizi, sukari guru na mchele wa kuvundikwa tunaouita "hakuwa". Huo "hakuwa" si mchele wa kununua dukani ukajivuna. Mpunga ukishakatwa haupurwi siku ile. Miganda hupangwa lundo palepale shambani, ikafunikwa majani makavu, ikaachwa ijivundike kama ndizi. Ndani joto linapanda mpaka ukitia mkono unautoa haraka. Siku ya kufunua, mvuke unatoka na harufu ya pombe changa, na mchele wake unakuwa wa kahawia, laini tumboni, chakula cha wazee na wagonjwa na mzazi. Ukiwahi kufunua haujaiva, ukichelewa umeoza. Na miganda hiyo inakuwa na vumbi jeupe la ukungu linalokupanda puani ukiipiga. Tumelivuta vumbi hilo tangu utoto na hakuna aliyeliogopa.

Tulikwenda kupura lundo la akina Duwal kule chini, karibu na mto Hanumante. Chirimaya alipiga miganda kana kwamba inamdai.

"Dada Chiri, unapura au unaua?" nikamwuliza.

"Pura wako, Kesari. Huu si wa mumeo mwenye kitambi. Huu ni wa mzazi."

"Mwacheni bibi yangu," Bekhalal akasema akifunga miganda. "Leo hata mimi nikimkaribia nitapurwa."

"Wewe ukipurwa utatoka nini? Makapi matupu!"

Tulikuwa bado tunacheka aliposita, mganda ukiwa juu, akaushusha taratibu na kuweka kiganja juu ya jicho la kulia.

"Kumvi limeniingia," akasema.

"Lia, dada," tukamwambia sote. "Machozi yatalitoa." Ndivyo tulivyofundishwa: jicho likiingia taka, usilifikiche, liache lilie, machozi ni dawa ya Mungu.

"Nitalia vipi na mwaka huu nimejaa furaha?" akajibu, na jicho likitiririka hivyohivyo. Baadaye akakunja ncha ya sari yake nyeusi, akalitoa lile kumvi mwenyewe, akaturushia kutuonyesha, akaendelea kupura mpaka lundo likaisha.

Kesho yake jicho lilikuwa jekundu na limevimba. Kesho kutwa yake halikufunguka. Hapo ndipo Bekhalal alipokumbuka kichupa chake.

Mwaka uliopita alikuwa ameondolewa mtoto wa jicho, macho yote mawili, katika hospitali ya macho. Alikwenda akiongozwa mkono, akarudi akihesabu njiwa juu ya paa la hekalu. Hospitali walimpa matone ya kutia baada ya upasuaji, na yalibaki kidogo. Mtu mwingine angeyatupa. Bekhalal alikiweka kichupa kile katika kishubaka cha ukutani pamoja na miungu ya nyumba, na kila asubuhi alipowapaka miungu unga mwekundu, kichupa nacho kilipata doa lake. Tulimcheka, naye alicheka, lakini hakukitoa.

"Dawa iliyonipa macho mimi," akasema, "itashindwaje na kumvi?"

Akamlaza mkewe kichwa mapajani, akamfungua kope kwa vidole viwili kama alivyoonyeshwa na wauguzi, akamtia tone. Asubuhi tone, jioni tone. Na dawa ilifanya kazi! Hili ndilo linalonikera mpaka leo. Wekundu ukaondoka, uvimbe ukashuka, maumivu yakapungua, jicho likawa jeupe na zuri la kukodolea. Ua mzima tulisifu. Kuna hata waliokuja kuuliza kama yamebaki matone mawili matatu ya shangazi yao. Bekhalal alitembea siku zile kama mtu aliyepewa cheo.

Chirimaya peke yake ndiye aliyejua, na alinyamaza. Mimi niligundua kwa jino. Nilikula kwake mchana mmoja, nikauma jiwe. Katika mchele wa Chirimaya! Nikaacha kutafuna, nikamtazama. Naye akageuza uso.

"Dada, nitazame."

"Nitakutazama nini, wewe si sura mpya."

Nikamshika kidevu, nikamgeuza kwenye mwanga wa dirisha. Katikati ya jicho, penye weusi, palikuwa na doa la kijivu, ukubwa wa punje ya mchele, kingo zake zimechanika kama sufi.

"Unaona ukungu?"

"Asubuhi tu," akasema. Kisha akasema, "Na mchana." Akauondoa mkono wangu kidevuni. "Usimwambie Bekhalal. Anafurahi sana na dawa yake."

Nilimwambia saa ileile, na sijutii. Siku ya pili yake tukawa watatu kwenye benchi la hospitali, yeye katikati yetu.

Daktari alikuwa msichana wa watu, Daktari Maskey, mwenye kusema haraka. Alimwekea Chirimaya kidevu kwenye chombo chake, akamulika, akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akakwangua kidogo, akapeleka kwenye darubini chumba cha pili, akarudi akisema taratibu zaidi.

"Mama, ulichomwa na nini?"

"Kumvi la mpunga, binti yangu. Wa kuvundikwa."

"Na mmetia nini?"

Bekhalal ndiye aliyekuwa akilisubiri swali hilo. Alitia mkono kifuani ndani ya koti, akatoa kichupa chenye doa jekundu, akakitoa kwa mikono miwili kama anavyotoa sadaka.

"Hii, daktari. Ni ya hapahapa kwenu. Nimemtia mimi mwenyewe, asubuhi na jioni. Sikukosa hata mara moja."

Daktari alisoma maandishi ya kichupa. Alikigeuza, akasoma tena, ingawa nadhani aliyajua tangu mwanzo.

"Baba," akasema, "dawa hii ni nzuri. Kwako ilikuwa nzuri."

Akatueleza. Nilimsikiliza vizuri, kwa sababu nilitaka kupata wa kumlaumu. Kumvi lilikwangua kioo cha mbele cha jicho na kuacha ukungu wa lundo ndani ya mkwaruzo. Wekundu na uvimbe tulioukimbia ulikuwa ni mwili unapigana. Matone ya Bekhalal kazi yake ni kuutuliza mwili usipigane, maana baada ya upasuaji hakuna adui, kuna fujo tu. Basi yakautuliza. Askari wakalala, ukungu ukakaa ukala.

"Na siyo ukungu tu," akasema. "Machozi nayo yana vimeng'enya ndani yake. Mnavijua? Ni vitu vya kumeng'enya, kama vya tumboni. Jicho likiumia vinakuja vingi, vinakula kilichokufa ili kipya kiote. Kidonda kikifunga, vinaondoka. Kisipofunga haviondoki, mama. Vinaendelea kula hata kizima. Sasa hivi machozi yako yenyewe yanakuyeyushia kioo."

Nilikumbuka tulivyomwambia alie.

"Kama chachu," Chirimaya akasema mwishowe. "Ukiiacha kwenye wali siku zake unapata pombe. Ukiisahau, inakula mpaka unapata siki." Akatabasamu upande tuliokaa. "Jicho langu limekuwa siki, Bekha."

Bekhalal hakucheka. Alikuwa anakitazama kichupa mezani.

Wakamlaza. Kila saa matone meupe kama maziwa ya kuua ukungu, na vidonge vya kuvizuia vile vimeng'enya. Na jambo ambalo sikuwahi kulisikia: walimtoa damu mkononi, wakaiacha ituame, wakachukua yale maji yake ya manjano yanayobaki juu, wakayatia katika kichupa yawe matone ya jicho lake mwenyewe. Daktari alisema katika maji ya damu kuna kitu kinachovifunga vimeng'enya mdomo.

"Nilikula samli ya kutosha maisha yangu," Chirimaya akawaambia wauguzi. "Damu hii ni ya daraja la kwanza, msiimwage."

Bekhalal hakutia tena tone lolote. Hakuna aliyemkataza, alijikataza mwenyewe. Saa ya dawa ikifika alimwita muuguzi, kisha anasimama mbali ukutani na mikono nyuma, kama mwizi aliyeambiwa asiguse kitu.

Kila asubuhi daktari alikuja kupima. Alisimama hatua chache mbele ya kitanda, akainua vidole. "Vingapi, mama?" Mwanzo alijibu bila shida. Baadaye akawa anasita. Baadaye, cha kushangaza, akaanza kujibu upesi tena na kupatia, vitatu, viwili, vitano, na mimi niliyekuja na chakula nikaanza kupumua. Nikaenda kumpigia simu Rasmila, nikamwambia mama yako anapata nafuu, tunza tumbo lako tu.

Kumbe ni Bekhalal. Alikuwa amekaa ubavuni mwa kitanda, mkono wake chini ya blanketi mgongoni mwa mkewe, akimgonga kwa kidole: moja, mbili, tatu. Wazee wawili wenye mvi, wanadanganya mtihani kama watoto wa shule! Daktari alilishuku. Asubuhi moja akasimama mikono yake yote miwili ikiwa chini, hakuinua kitu.

"Vingapi, mama?"

Bekhalal akatazama, asijue agonge nini. Chirimaya akasubiri mgongo wake upewe habari. Tukasikia kikohozi cha mgonjwa wa kitanda cha tatu.

"Bekha?" akaita polepole.

Daktari akaja akakaa kitandani. "Kwa nini, mama?"

"Nilifikiri nikipatia hutanikatia tamaa," Chirimaya akasema. "Mwanangu anazaa mwezi huu. Nisubirie kidogo tu. Nikimwona, chukua."

"Si mimi ninayechukua, mama."

Nilimpenda yule daktari kwa jibu hilo na nikamchukia.

Kioo cha jicho kilipasuka siku chache baadaye, wakati wa chai. Chirimaya alisema amehisi maji ya moto shavuni, halafu maumivu yakapungua ghafla. Alidhani ni nafuu. Wapo wanaobandikwa kioo cha marehemu, na tulilisema hilo, tulilia, nadhani hata nilipiga meza. Daktari akasema ukungu umeshaingia ndani kabisa, hakuna pa kushonea. Ukiachwa utapanda kichwani. Jicho lazima litoke.

"Lina mwanga bado," Chirimaya akasema. "Dirisha naliona. Niacheni na dirisha mpaka mtoto azaliwe, nitamweka mbele ya dirisha."

Aliposema hivyo nilitoka nje. Nilikaa ngazini nikalia, na hata kulia kwenyewe kulinitia hasira, maana nilijua sasa machozi yana nini ndani yake.

Walilitoa. Maji yakimwagika hayazoleki. Rasmila alijifungua siku sita baada ya hapo, mtoto wa kike, salama, mwenye sauti. Siku ya kwenda kumwona ilipofika, Chirimaya alivaa sari yake nyeusi yenye pindo jekundu, akafunga kitambaa cheupe juu ya macho, akabeba mchele wa "hakuwa" mwenyewe. Nilimwambia aniachie, mzigo ni mzito.

"Nimeulipia," akasema. "Naubeba."

Thimi walitupokea vizuri mno, namna ile ya kupokea ambayo watu wote wanashusha sauti. Rasmila alipomwona mama yake aliuma midomo. Alikuwa ameambiwa na wakubwa asilie, mzazi akilia maziwa yanakauka. Akachukua mtoto, akamweka mapajani mwa bibi yake. Chirimaya alimpapasa kwa vidole vilevile vya kuchagua mchele: paji, nyusi, pua, kidevu. Alikaa sana kwenye macho. Mtoto alikunja uso, akapiga chafya, watu wakacheka kidogo kwa shukrani.

"Mpe babu yake," akasema mwishowe. "Yeye ana macho."

Bekhalal akampokea. Alimshika vizuri, kichwa kwenye kiwiko kama inavyotakiwa, akasimama naye karibu na dirisha huku uso ameuelekeza nje, kwenye vyungu vilivyoanikwa uani. Nilidhani anaficha machozi. Akakaa hivyo, kisha akamrudisha mtoto kwa mama yake, akaenda kukaa karibu na mlango.

Tulirudi kwa miguu, maana Chirimaya alitaka. Ngano ilikuwa imeota pande zote mbili za njia, na haradali ilikuwa inaanza kutoa maua. Alitembea nyuma ya mumewe, mkono begani kwake. Mimi nilifuata na kikapu kitupu. Alikuwa ametulia, karibu nithubutu kusema ana furaha.

"Haya," akasema tulipotoka mjini. "Sasa nieleze. Usiharakishe. Anzia juu."

Bekhalal aliendelea kutembea.

"Nywele nimezishika, ni nyingi. Pua ni ya kwao, sikatai. Macho nieleze wewe. Ni marefu kama ya Rasmila? Weusi wake ukoje?"

Bekhalal akaongeza mwendo.

"Bekha, nakuuliza."

"Sikumtazama," akasema.

Mkono wa Chirimaya ulibaki begani kwa mumewe, lakini miguu yake ilisimama, ikabidi Bekhalal naye asimame.

"Umesemaje?"

"Niliona si haki, Chiri. Mimi nimtazame, na macho haya, na wewe... Nilisema kama wewe hukumwona, na mimi nisimwone. Nilitazama nje."

Nilidhani atamwonea huruma. Nilikuwa mimi mwenyewe nimeshamwonea huruma. Lakini Chirimaya alimpiga ngumi mgongoni, akampiga tena, ngumi ndogo za mwanamke mzee.

"Mjinga wewe! Mjinga! Ulikuwa umenibakia wewe tu! Macho yaliyobaki nyumbani ni yako tu, ukayatupa uani kwa watu!"

Bekhalal alisimama akapigwa. Hakujikinga wala hakugeuka.

"Dada," nikasema, "mimi nilimwona. Nilimwona vizuri. Ngoja nikueleze, macho yake..."

"Nyamaza, Kesari," akaniambia. "Sikukuuliza wewe."

Akaushusha mkono, akapapasa mpaka akalipata tena bega la mumewe, kwa sababu njia ya kwenda nyumbani hakuijua bila bega hilo. Tukaendelea kutembea.